Mapumziko ya Laki Nane

Martha hakuwa mtu wa kupumzika, na hilo lijulikane mapema asije akaonewa bure. Ukimkuta amekaa, ujue anachambua kitu: mchele, karanga, au tabia ya mtu. Ana miaka arobaini na sita, Mmoravian wa kuzaliwa Kaliua, mtoto wa fundi wa reli. Tangu aolewe na Dionis amekuwa mkulima wa tumbaku katika kijiji kilicho nusu saa kwa bodaboda kutoka Urambo mjini. Na tumbaku haina Jumapili. Ukishaipanda unaipalilia, ukishaipalilia unaikata maua, ukishaivuna unaitundika ndani ya bani la kukaushia, na bani likiwashwa moto mtu halali wiki nzima, maana moto ukizidi majani yanaungua na ukipungua yanaoza. Kwa hiyo ukimwambia Martha kwamba kuna watu wanalipa fedha ili wakae bure, alikuwa anakutazama mpaka unabadilisha mazungumzo.

Basi ilikuwaje akajikuta kando ya bwawa la kuogelea, nje kidogo ya mji wa Tabora, katika kijiji cha mapumziko ya familia, kwa shilingi laki nane taslimu? Kosa lilikuwa lake mwenyewe, na hicho ndicho kilichomuuma zaidi.

Kila mwaka malipo ya tumbaku yakiingia, Dionis alikuwa anapotea. Anaaga kwamba anakwenda Tabora kununua spea ya baiskeli, anarudi baada ya siku kumi, spea haipo. Mwaka mmoja alirudi na redio. Mwaka mwingine alirudi na koti la suti lisilo na suruali yake. Kituo chake kilikuwa gesti moja jirani na stesheni, ya mwanamke anayeitwa Zamda, jina ambalo nyumbani kwa Martha halikutamkwa ila siku za ugomvi. Martha alikuwa ananuna wiki, kisha anafungua mdomo kwa sababu msimu umefika na vitalu vya miche havingoji watu wamalize kununiana.

Mwaka jana mume alirudi mikono mitupu kabisa, na hata viatu alivyoondoka navyo havikuonekana. Martha akafunga nguo zake akaenda kwao Kaliua, akakaa wiki tatu. Wazee wa pande zote mbili walipokutana, wakamuuliza anataka nini ili arudi. Alikuwa na hasira, akasema lile lililomjia mdomoni: "Kama ni kupumzika, tupumzike wote. Mimi na wanangu si binadamu?" Wazee wakamgeukia Dionis. Dionis akaapa mbele yao kwamba malipo yajayo atapumzika na familia yake, wala hatatoka machoni pa mkewe.

Sasa huyu Dionis ana tabia moja. Akiahidi jambo dogo anasahau, akiahidi jambo kubwa analitimiza mpaka linakera. Mwezi wa Septemba, malipo yalipoingia yamechelewa na watoto wako kwenye likizo fupi, akasikia tangazo redioni: Kijiji cha Familia Msafara, Tabora, chumba cha familia, chakula mara tatu, bwawa la kuogelea, michezo ya watoto, siku nne kwa laki nane. Akalipa kwanza, akasema baadaye.

Martha akapiga hesabu palepale. Laki nane ni mabati zaidi ya ishirini. Ni mifuko kumi ya mbolea. Lakini angekataaje? Angewaambia nini wale wazee, kwamba alichokiomba amekipata na sasa hakitaki? Akasema, "Haya." Dionis akafurahi mno, maskini, akaenda kunyoa ndevu siku ileile.

Na hasara ya laki nane haikuwa hofu yake kubwa. Hofu yake kubwa ilikuwa Tabora yenyewe. Tangazo lilisema kijiji kiko kilomita sita kutoka katikati ya mji. Wengine walisikia kilomita sita kutoka mjini. Martha alisikia kilomita sita kutoka kwa Zamda, dakika kumi za bodaboda. Fedha yote ya tumbaku iliyobaki, ya mbegu, ya mbolea, ya ada ya Elieth, ilikuwa benki, na kadi ya benki ilikuwa mfukoni mwa Dionis. Akajiapiza moyoni: siku nne hizo hatamwacha mtu huyu hata kwenda msalani peke yake bila kujua ametumia dakika ngapi.

Kulikuwa na jambo la pili, la vitalu. Walikuwa na vitalu vitatu kando ya kijito, na mbegu walikuwa wameshamwaga Ijumaa. Mbegu ya tumbaku ni ndogo kama vumbi. Ukishaimwaga unaifunika kwa nyasi kavu, unamwagilia asubuhi na jioni, na siku ya nane au ya tisa ikichomoza unazifunua zile nyasi kidogo kidogo. Ukichelewa, miche inarefuka gizani, inalegea, inalala chini na kufa. Hesabu ya siku hizo alikuwa nayo Martha. Kila mwaka alikuwa anachora mstari wa mkaa kwenye mlango wa jiko, kila kunapokucha mstari mmoja, na hajawahi kukosea hata mara moja tangu aolewe.

Safari ilikuwa iwe Jumatatu, warudi Ijumaa, siku ya nane, wakati muafaka kabisa. Kwa hiyo akamwagiza wifi yake Imakulata kumwagilia tu. Imakulata ni mkulima wa mahindi, tumbaku anaiona mashambani mwa wengine. "Nyasi usiziguse," Martha akamwambia, "hizo ni kazi yangu." Kisha wenyeji wa kule Tabora wakapiga simu: wamejaa, wanaomba iwe Jumatano. Dionis akakubali. Martha siku hiyo kichwa chake kilikuwa kimejaa Zamda, akaitikia tu.

Jumatano wakafika, Martha, Dionis na watoto watatu: Elieth wa miaka kumi na sita, Ngollo wa kumi na mmoja, na Consolatha wa sita. Mapokezi walimkuta binti mmoja mpole wa familia ya Kiarabu ya palepale Tabora, Shaima, ambaye babu zake walifanya biashara mjini hapo kabla reli haijajengwa. "Shikamoo baba, shikamoo mama, karibuni msafarani," akasema. Kila kitu pale kilikuwa msafara. Vyumba vilipewa majina ya vituo vya njia ya zamani, na wao wakapewa kinachoitwa Ujiji. Akatokea kijana amevaa kaniki na kilemba, mfano wa wapagazi wa zamani, akataka kujitwisha kichwani begi la Dionis.

Dionis akalishika begi lake kwa mikono miwili. "Babu wa babu yangu alibeba pembe za ndovu za watu kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu," akamwambia yule kijana. "Leo mimi nilipe laki nane ili unibebee suruali mbili? Hapana, mwanangu. Wewe tuonyeshe njia." Watoto wakacheka sana. Martha hakucheka, alikuwa anaangalia geti liko wapi na kama kuna mlinzi.

Mlinzi alikuwepo, na kitabu cha kuandikia wanaoingia na wanaotoka. Hilo lilimpa nafuu kidogo.

Siku ya kwanza na ya pili zilipita hivi: watoto majini, Dionis kwenye kiti amevaa viatu vya kanisani, Martha kwenye kiti cha pili akimlinda Dionis. Chakula kinaletwa, vyombo vinaondolewa. Asubuhi Martha alitandika vitanda vyote na kufagia chumba kabla mhudumu hajafika, hadi yule dada akamwomba kwa upole, "Mama, nitaambiwa sifanyi kazi." Akaacha kufagia, ila kutandika aliendelea kisirisiri.

Lakini lililomtesa kupita yote lilikuwa lile bwawa. Maji yote yale, ya kunywea ng'ombe wa kijiji kizima, yamekaa tu watoto wayakanyage. Alijaribu kukadiria ni ndoo ngapi, akaona kizunguzungu. Akawaza vitalu vyake vitatu, akawaza Imakulata na ndoo moja iliyopasuka mpini. Akampigia. Imakulata akasema anamwagilia asubuhi na jioni, asiwe na wasiwasi. Martha akakata simu na wasiwasi wake wote mkononi.

"Mama, pumzika basi," Elieth akamwambia, maji yakimchuruzika kwenye nywele.

"Napumzika, huoni?"

"Umekunja ngumi, mama."

Akaangalia, kweli alikuwa amekunja.

Kiti cha jirani kulikuwa na mwanamke wa mjini, Fakhria, ambaye mumewe ana duka la vitambaa. Amekuja na watoto wanne, na mume anakuja jioni tu kulala, mchana yuko dukani kwake. Walipozoeana Martha akamuuliza lililomkaa kooni. "Dada yangu, nisamehe kuuliza. Nyumba yako iko hapo mjini. Laki nane hizi unapata nini?"

Fakhria hakukasirika. "Napata siku nne bila mtu kuniuliza leo tunakula nini," akajibu. "Nina miaka kumi na tano naulizwa hilo swali kila asubuhi. Ningekuwa na uwezo ningelipa hata milioni." Kisha akamtazama. "Na wewe unapata nini?"

Martha akageukia watoto majini. Angesema nini, kwamba amelipa ili alinde mtu? Alilala usiku ule akiwa macho, kama alivyolala usiku wa kwanza, akisikiliza pumzi za Dionis. Dionis akigeuka, yeye anainua kichwa. Dionis akiamka kwenda kujisaidia, yeye anauliza gizani, "Wapi?" Na Dionis anajibu kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Hapo tu, Mama Elieth."

Ijumaa ndipo roho ilipopanda juu kabisa. Tangu asubuhi Dionis hakutulia. Alikuwa amekaa akihesabu kwa vidole, chini chini, anafika kidole cha mwisho anaanza tena. Martha alimwona. Mtu mwenye kadi ya benki akihesabu kwa vidole, anahesabu nini? Jioni, wakati chakula kinaandaliwa, Dionis akasogea hadi nyuma ya chumba, akapiga simu. Aliongea kwa sauti ya chini, mgongo kageuza. Martha alisikia maneno mawili tu: "kesho" na "mapema." Aliporudi mezani alikula kidogo, akasema hana njaa. Simu akamwachia Ngollo acheze gemu, jambo ambalo si kawaida yake.

Martha hakusema kitu mbele ya watoto. Akapanga kwamba usiku huo hatafumba jicho hata kidogo, ataweka kiti mlangoni ikibidi. Lakini mwili nao una yake. Alikuwa na usiku mbili hajalala, na kabla ya hapo msimu mzima wa bani. Alijilaza aone kama Dionis ameshalala, na hapo ndipo usingizi ulipomchukua, usingizi mzito wa kutokuota hata ndoto.

Alipofumbua macho jua lilikuwa limeshaingia ndani. Saa tatu asubuhi. Kitanda upande wa pili kitupu.

Alitoka na kanga moja. Watoto walikuwa wanakunywa chai. "Baba yenu yuko wapi?" Hawajui, wameamka hayupo. Akapiga simu ya Dionis, haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Akaenda getini akijilazimisha kutembea kama mtu asiye na haraka. Mlinzi wa mchana alikuwa ameingia zamu saa moja, akafungua kitabu, akafuata mistari kwa kidole. "Ametoka saa kumi na moja alfajiri, mama. Kwa bodaboda. Wa usiku hakuandika anakwenda wapi."

Saa kumi na moja alfajiri! Mtu anayetoka saa hiyo anajificha. Martha aliona kila kitu: vidole, simu ya pembeni, "kesho," "mapema." Aliona ada ya Elieth, aliona mifuko ya mbolea, akaona Kaliua, safari hii bila kurudi. Akamwambia Elieth asiwaache wadogo zake karibu na maji peke yao, akamwomba Fakhria awatupie jicho, akasema anakwenda dukani mara moja. Fakhria alimtazama uso, akaitikia bila swali.

Dereva wa bajaji alipouliza wapi, alisema stesheni. Jina la gesti hakuweza kulitamka mbele ya kijana wa watu. Njia nzima alikuwa anapanga maneno atakayosema, anayafuta, anapanga mengine. Alishuka, akaulizia, akatazama ndani ya baa ya kwanza ambako watu wawili walikuwa wanakunywa supu, wakamgeukia. Aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Mke wa mtu, mwimba kwaya, anachungulia baa saa nne asubuhi. Lakini alichungulia na ya pili, ndipo akaonyeshwa kwa Zamda.

Kwa miaka yote hiyo Martha alikuwa na Zamda wake kichwani: mwanamke wa miaka thelathini, kucha nyekundu, kicheko cha puani. Aliyemkuta uani alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, amejifunga kitenge kilichopauka, mguu mmoja umevimba ameuweka juu ya kigoda, anachambua dagaa. Mazoea ni kitu kibaya. Kabla Martha hajafikiri, mdomo ukamponyoka: "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta chumba?"

"Namtafuta Dionis. Wa Urambo."

Zamda akaacha dagaa, akamwangalia kuanzia kichwani hadi miguuni. "Wewe ndiye Mama Elieth," akasema. "Kaa kwanza."

"Sikuja kukaa."

"Basi simama. Dionis mwaka huu sijamwona. Nilisema amekufa, au ameokoka."

"Usinifiche, mama."

"Nikufiche nini? Vyumba hivyo hapo, saba, funguo zinaning'inia, fungua kimoja kimoja." Na kwa kuwa Martha hakusogea, Zamda akaendelea, bila ukali. "Sikiliza. Mumeo alikuwa anakuja hapa na fedha, anaondoka bila fedha. Analala siku mbili kama gogo, akiamka ananunulia watu bia, watu asiowajua. Mimi ni mfanyabiashara, sikumshika mkono. Ila mwanamke hakuwa naye hapa, kama hilo litakusaidia. Akilewa anakutaja wewe. Anasema nyumbani nina mtu asiyesahau kitu hata kimoja, ukimkosea leo anakumbuka mpaka mwakani."

Martha akatoka bila kuaga. Habari hiyo ingempa nafuu siku nyingine. Leo ilizidi kumtia hofu, maana kama hayuko kwa Zamda, basi yuko mahali ambapo Martha hapajui hata jina. Alizunguka sokoni, alizunguka stendi, akaangalia foleni ya mashine za benki uso kwa uso. Simu ilikuwa bado haipatikani. Saa nane, miguu imejaa vumbi na fedha ya nauli inakaribia kwisha, ndipo alipokumbuka kwamba ameacha watoto kando ya maji tangu asubuhi. Ile hofu ikamgeuka, akapanda bajaji akimhimiza dereva njia nzima.

Dionis alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chumba cha Ujiji. Consolatha alikuwa amelala begani kwake, nywele mbichi. Wakubwa walikuwa wanacheza mpira ng'ambo ya bwawa. Suruali ya Dionis ilikuwa imekunjwa hadi magotini na miguu ina tope lililokauka, la rangi nyeusi, ya kijitoni. Martha aliliona tope hilo lakini akili ilikuwa bado Tabora mjini.

"Mlinzi anasema umetoka tangu saa tatu na nusu," Dionis akasema polepole asimwamshe mtoto. "Nimefika hapa saa saba hupo. Nimepata wasiwasi."

"Wewe umepata wasiwasi?" Sauti ya Martha ilitoka imekwaruza. "Wewe? Umetoka alfajiri kama mwizi, simu umezima, uliapa mbele ya wazee, na mimi ndiye niulizwe? Ulikuwa wapi?"

"Vitaluni."

Martha akalitazama tena lile tope.

"Leo siku ya tisa, Mama Elieth."

Alitaka kubisha. Akaanza kuhesabu, Ijumaa moja, Jumamosi mbili, akafika Jumatano sita, Ijumaa nane, na leo. Alihesabu mara ya pili kwa vidole, kama alivyofanya mumewe jana. Mlango wa jiko ulikuwa kilomita tisini kutoka hapo, na siku tatu hizi hakuna mtu aliyechora mstari.

"Uliiweka hesabu turudi jana," Dionis akasema. "Hawa waliposogeza safari, ya nyasi hukuyakumbuka. Na mimi sikushtuka mpaka jana asubuhi. Jioni nikampigia Imakulata, ananiambia kwa furaha kabisa, nyasi sijazigusa kaka, zimefunika vizuri. Nikajua tumekwisha. Nikamwambia kesho nakuja, mapema."

"Na hukuniambia."

"Jioni watoto walikuwa mezani, alfajiri ulikuwa umelala. Unafikiri sijui kwamba hulali? Siku zote hizi unanilinda, nakusikia. Nilipoamka alfajiri nikakuona umelala mdomo wazi, nikasema nikimwamsha huyu atataka turudi wote, na watoto watalia, na laki nane imeliwa na mchwa. Nikasema nakwenda, nafunua, narudi kabla ya chakula cha mchana. Nilimwambia yule mlinzi wa usiku." Akatikisa kichwa. "Simu Ngollo kaicheza hadi imezima, nimeshika njia ndipo naona."

Martha akakaa kwenye ngazi ya chini yake. "Vimepona?"

"Viwili vimepona. Cha chini kilitangulia kuchomoza, kimekwenda. Miche imelala yote, ukiigusa inakatika. Jumatatu tumwage upya, tunaweza kukiwahi." Akalisema hilo bila kulaumu, kama mtu anayesema hali ya hewa, na Martha akaona heri angelaumiwa. Robo tatu ya ndoa yao alikuwa ameitumia kumwambia mtu huyu kwamba hakumbuki kitu.

Watoto walipiga kelele ng'ambo ya maji, mtu kafunga goli. Dionis akamhamisha Consolatha bega la pili.

"Haya, nimeshasema ya kwangu," akasema. "Wewe ulikwenda wapi?"

Angeweza kusema sokoni. Neno lilikuwa tayari, na lilikuwa nusu ya kweli. Alimtazama mumewe, mvi zile za pembeni, macho mekundu kwa vumbi la barabara kwenda na kurudi, na akashindwa.

"Kwa Zamda."

Dionis akatazama mpira ng'ambo ya bwawa.

"Nilikwenda kukutafuta," Martha akasema. "Nilichungulia na baa mbili. Nimewaacha watoto na maji, nimekwenda kuchungulia baa."

"Yule mama mguu umepona?"

"Bado umevimba."

"Ehe." Akakuna tope kwenye shavu la mguu. "Miaka kumi na saba nimekwenda mimi," akasema taratibu, na hakukuwa na kejeli ndani yake, ndiyo maana ilichoma. "Mwaka nilioacha, umekwenda wewe."

Martha alihisi aibu inampanda kutoka kifuani hadi machoni. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu kwenye safari hii, kuibiwa, kudanganywa, kuachwa, lakini hili hakujiandaa nalo. Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Neno alilokuwa nalo lilikuwa moja tu, na alilitoa kwa shida, kama mtu anayesema lugha ya kigeni.

"Baba Elieth, nisamehe."

Dionis akageuka kumtazama. Alikuwa anatafuta, Martha aliona kabisa kwamba anatafuta na hapati, mtu mzima amekaa na mtoto begani hajui aanzie wapi.

"Sijui hapo watu wanajibuje," akasema mwishowe. "Hilo neno huwa nalisema mimi."